Habari za Rovu na Mama Mwenye Mimba

Wengi wetu tuliokulia katika nchi za milima tumewajua akina bibi wenye rovu shingoni. Utotoni tulidhani ni jambo la uzee tu, kama mvi. Wengine walisema kwamba rovu hutokana na kujitwika mizigo mizito, wengine walitaja maji ya mto fulani, na wengine walinong'ona habari za ulozi. Aliyetaja maji hakuwa mbali sana na kweli, kama tutakavyoona. Lakini leo sitaki kukaa sana juu ya shingo ya bibi. Nataka kusema habari za mtoto aliye tumboni, maana yeye ndiye apataye hasara iliyo kubwa, naye haonekani.

Shingoni, chini ya kikoromeo, pana tezi ndogo yenye umbo kama kipepeo aliyekunjua mabawa. Kwa mtu mzima uzito wake ni kama gramu 15 hadi 25 tu. Kazi yake ni kutengeneza homoni, yaani kitu kinachochukuliwa na damu kwenda mwilini mwote, kikiamuru mwendo wa mwili: moyo upige kwa kasi gani, chakula kigeuke joto upesi au polepole, na mtoto akue jinsi ipasavyo. Ili kuitengeneza homoni hiyo tezi yahitaji iodini, ambayo sisi twaiita madini joto. Kiasi chake ni kidogo ajabu. Mtu mzima yamtosha mikrogramu 150 kwa siku, na ukiyakusanya ya miaka 70 hayajazi kijiko cha chai. Ila yakikosekana, tezi hujitahidi kuyatafuta, hukua na kuvimba. Na hilo ndilo rovu.

Kwa nini basi milimani? Kwa sababu mvua ya maelfu ya miaka imeyaosha madini hayo udongoni na kuyapeleka baharini. Mahindi na maharagwe hayawezi kutoa kitu kisichomo katika udongo, wala maji ya mto hayawezi. Wala si kwetu tu. Hata Uswisi, nchi ya milima mirefu, ilijaa marovu zamani. Na katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, madaktari waliona tena ya kwamba mihogo michungu isiyolowekwa vema huzidisha shida, maana sumu yake huizuia tezi isiyapokee hata hayo madini machache yaliyopo.

Sasa tumtazame mama. Ashikapo mimba, tezi yake hufanya kazi kwa ajili ya watu wawili. Tezi ya mtoto huanza kazi yake karibu na juma la 12, nayo haina nguvu ya kutosha mpaka kama nusu ya mimba imepita. Kabla ya hapo homoni inayojenga ubongo wake yatoka kwa mama, kwa njia ya kondo. Kwa hiyo mama mwenye mimba ahitaji mikrogramu 250 za madini joto kila siku. Yakipunguka sana, mimba huweza kuharibika, au mtoto akazaliwa mfu. Au akazaliwa hai, lakini ni kiziwi na bubu, miguu yake haina nguvu na akili haikui. Hao ni wachache. Walio wengi zaidi ni wale wasioonekana na kasoro yo yote, ila huchelewa kushika masomo, na mwalimu huwaita wavivu. Mimi nimefundisha darasa la kipaimara miaka mingi, nami hujiuliza ni wangapi niliowakemea bure.

Katika jambo hili ni wakati hasa unaotushinda. Akina mama wengi huenda kliniki mimba ikiwa ya miezi minne au mitano, na hapo sehemu kubwa ya msingi wa ubongo imekwisha kuwekwa. Jambo hili lilithibitishwa huko Papua New Guinea. Mwaka 1966, katika bonde la Jimi, lenye marovu mengi, jamaa moja walipigwa sindano ya mafuta yenye iodini, na jamaa iliyofuata sindano ya maji ya chumvi tu, hivyo hivyo mpaka mwisho. Baadaye watoto walihesabiwa. Kwa akina mama waliopata sindano ya maji walizaliwa watoto 534, na 26 kati yao walikuwa na ule ulemavu wa akili na wa kusikia. Kwa waliopata iodini walizaliwa 498, na wenye ulemavu walikuwa 7. Na katika hao 7, mama zao 6 walikuwa wamekwisha kushika mimba walipopigwa sindano. Msomaji na aisome hesabu hiyo mara mbili. Dawa ilikuwa ile ile; waliochelewa walichelewa kwa miezi tu.

Basi kinga yapasa iwemo nyumbani kabla ya mimba, na njia iliyo rahisi ni chumvi. Waswisi walianza mwaka 1922 kutia iodini katika chumvi, na Wamarekani wa Michigan mwaka 1924. Hapa Tanzania, katika miaka ya 1980, serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye iodini katika wilaya zenye marovu mengi, na katika miaka ya 1990 ikaweka sheria ya kutia madini joto katika chumvi.

Labda mtu atauliza: Je, chumvi ya pwani si imetoka baharini, ambako madini yamekwenda? Ndiyo, lakini maji yanapokauka juani karibu yote hupotea. Chumvi ya mawe inayouzwa kwa kopo sokoni yaweza kuwa haina kitu. Tuitafute iliyoandikwa kwenye mfuko kwamba ina madini joto, tuiweke katika chombo chenye kifuniko, mbali na moshi na jua, tusiioshe, tena tuitie chakula kikiwa karibu kuiva. Sisemi tule chumvi nyingi kuliko desturi. Mwenye shinikizo la damu asitumie neno langu vibaya.

Limebaki jambo moja, nalo ni zito kwangu. Mama mmoja tunayesali naye alikatwa tezi hospitalini kabla ya kuolewa, akapewa vidonge vya levothairoksini avimeze kila siku maisha yake yote. Aliposhika mimba, sisi wenyewe tulimshauri aache dawa, mimi nikiwa mmoja wao, maana tulisikia kwamba dawa humdhuru mtoto. Shauri lile lilitoka katika upendo, nalo lilikuwa baya. Mwezi wa tatu mimba ikaharibika. Mimba huharibika kwa sababu nyingi, wala sina njia ya kujua kama ni sisi. Lakini daktari alitueleza kwamba dawa ile si kitu kigeni. Ni homoni ile ile ambayo tezi ingaliifanya, na mimba inapoingia mara nyingi kiasi chake huongezwa, hakipunguzwi, sembuse kuachwa. Na mwenye tezi inayofanya kazi kupita kiasi, ambaye moyo humwenda mbio na mikono humtetemeka, naye asiache dawa kwa shauri la jirani, bali amwone daktari upesi, maana huenda akabadilishiwa dawa katika miezi ya kwanza.

Mara ya pili yule mama hakungoja. Siku zake zilipochelewa juma moja alikwenda hospitali, akaongezewa vidonge, na damu yake ikapimwa kila baada ya majuma manne. Kliniki walimpa vidonge vya kuongeza damu, kama wapewavyo wote, naye karibu avimeze pamoja na vile vingine asubuhi, kwa kurahisisha. Muuguzi akamzuia: chuma huishika dawa ya tezi tumboni isiingie mwilini, yapasa zipite saa nne kati yao. Basi alimeza ya tezi alfajiri kwa maji matupu, na ya damu baada ya chakula cha jioni, mpaka siku ya kujifungua.