Kununua Vifaa vya Mpira wa Vinyoya Bila Kumaliza Mfuko wa Kikundi



Vikundi kadhaa vya vijana vimetuuliza jinsi ya kuanzisha badminton, yaani mpira wa vinyoya, ndani ya ukumbi wa kanisa au wa shule. Wazo ni zuri. Wasichana na wavulana hucheza pamoja, na uwanja wake ni mita 13.4 kwa 6.1 tu. Shida iko kwenye ununuzi, na afadhali tuanze na kosa letu wenyewe.

Wakati mmoja tulisindikiza kikundi cha vijana wa huku nyanda za juu kwenda mjini kununua vifaa. Walikuwa wamechanga kwa miezi minne, na kina mama wakawaongezea mkopo kutoka kwa mfuko wao. Tulinunua raketi nane zinazong'aa, na kwa pesa zilizobaki tukachukua kopo moja la vinyoya. Jumamosi ya kwanza, kabla ya saa kumi jioni, hakuna kinyoya kilichokuwa kimebaki kizima. Raketi zikatundikwa ukutani karibu mwaka mzima, na ule mkopo wa kina mama ulilipwa kwa taabu na maneno mengi. Hatukuwa tumeibiwa na mtu. Tulikuwa tumegawa pesa vibaya.

Raketi hununuliwa mara moja, lakini kinyoya ni kama mafuta ya taa: kinaisha, na lazima ununue kingine. Tena wachezaji wanaoingia uwanjani ni wanne, wawili kila upande. Basi raketi nne zatosha kuanza, wengine wangoje zamu. Kama mfuko wenu ni shilingi 10,000, sisi tungeweka kama nusu kwenye vinyoya, theluthi hivi kwenye raketi, na kinachosalia kwenye wavu na nyuzi za akiba.

Sasa tuangalie hicho kinyoya vizuri, kwa maana hapa ndipo pesa hupotea. Kuna aina mbili. Kile cha asili kina manyoya 16 ya bata au bata bukini yaliyochomekwa kwenye kizibo, na uzito wake ni kati ya gramu 4.74 na 5.50. Kinaruka vizuri sana, lakini kwa mtu anayejifunza kinavunjika upesi, maana anakipiga kwa ukingo wa raketi. Kile cha plastiki ndicho cha kikundi kipya. Huwa ni sita katika kopo, na kimoja kinaweza kustahimili michezo mingi.

Kabla ya kulipa, tazama rangi ya ule utepe unaozunguka kizibo. Kijani ni cha mwendo wa polepole, bluu ni wa kati, nyekundu ni wa kasi. Tukakuta kumbe sisi tulinunua chekundu, kwa sababu rangi ilipendeza! Huku juu hewa ni nyepesi, hivyo haikizuii kinyoya sana, nacho kinaruka mbali kuliko kwa mtu wa Mombasa. Joto nalo huongeza mwendo. Kwa hiyo watu wa Eldoret, Nyeri au Kericho waulize kijani. Pwani wanaweza kujaribu bluu kwanza. Kwenye vinyoya vya asili mwendo huandikwa kwa namba, na namba ndogo ndiyo ya polepole.

Kipimo chake hakitaki fundi. Simama kwenye mstari wa nyuma, piga kinyoya kutoka chini kwa nguvu zako zote, kielekee moja kwa moja upande wa pili. Kinatakiwa kianguke kabla ya mstari wa nyuma wa huko, kati ya sentimita 53 na 99. Kikivuka mstari, hicho ni cha kasi mno kwenu. Nunueni kimoja au viwili mjaribu, ndipo mchukue makopo.

Upepo nao ni adui. Mkicheza nje, chezeni asubuhi mapema, la sivyo mtagombana kila dakika kama kilitoka au hakikutoka.

Kuhusu raketi, msidanganywe na rangi wala maandishi. Za chuma ni nzito, mara nyingi zaidi ya gramu 100, na mkono wa mtoto huchoka. Za kaboni ni nyepesi, nyingi kati ya gramu 80 na 90, lakini raketi mbili zikigongana fremu hupasuka. Kwa vijana wanaoanza sisi tungechukua yenye kichwa cha alumini. Angalieni pale kichwa kinapoungana na mpini. Shika kichwa kwa mkono mmoja na mpini kwa mwingine, pinda kidogo tu. Ikicheza au ikilia, rudisha. Mshiko ukiwa mwembamba si neno, utazungushia kipande cha taulo. Ukiwa mnene huwezi kuupunguza.

Nyuzi zinakuja na raketi, zitumieni hizo mpaka zikatike. Mkienda kwa fundi, ombeni uzi mnene wa milimita 0.70, kwa maana ule mwembamba hukatika mapema. Mkazo wa pauni 18 hadi 20 watosha. Ati vijana wanataka uzi ulie kama gitaa! Uzi uliokazwa sana hukatika haraka, na fremu ya bei nafuu hupinda. Ukikatika mmoja, kata na zingine zote siku hiyo hiyo, kuanzia katikati, ili fremu isivutwe upande mmoja. Kijana mmoja kwetu alijaribu mshipi wa kuvulia samaki. Ulilegea baada ya siku mbili.

Wavu uwe na urefu wa mita 1.55 kwenye nguzo. Nguzo za miti zinatosha kabisa.

Mweka hazina aandike kwenye daftari kila kinyoya kilichotolewa na tarehe yake. Baada ya mwezi mtajua mnatumia vingapi, na kila mchezaji anatakiwa kuchanga ngapi. Kile kikundi chetu siku hizi hukusanya kila Jumamosi kabla ya kucheza, na pesa hizo hukaa katika mkebe wake, mbali na mkebe wa kina mama.