Glock 17 au Glock 19? Somo Fupi kwa Wenye Leseni

Wakazi wa Kilimani, Lavington na Karen walio na cheti cha Bodi ya Leseni za Silaha huuliza: nichague ipi? Zote zina fremu ya plastiki ngumu na hutumia risasi za milimita 9. Glock 17 ina mtutu wa milimita 114 na magazini ya risasi 17. Glock 19 ina mtutu wa milimita 102, risasi 15, na hufichika vyema chini ya koti.

Muhimu zaidi: kwa kawaida zote hazina swichi ya usalama ubavuni. Triga ikivutwa, hata na mtoto, risasi hutoka. Ibebe katika mkoba mgumu unaofunika triga. Nyumbani, ifungie kwenye sefu.