Mzigo wa Mtafuta Dhahabu

Dhahabu ilipogunduliwa Kakamega mwaka 1931, wageni wengi walikwenda huko na mahema, makarai na sururu, wakaanza kuchimba. Nchi ile ni nchi ya mashamba na watu wengi, na aliyeishiwa na unga hakuwa mbali na soko. Lakini ziko nchi nyingine ambazo dhahabu yake imelala mbali na kila shamba na kila duka, na mtu aendaye huko hana budi kuchukua kila kitu atakachokula na kuvaa. Somo la juma hili lahusu safari za namna hiyo, na mfano wake ni Klondike, kaskazini ya Kanada, kwa kuwa hakuna mahali pengine ambapo jambo la kufunga mzigo lilipata kuwa jambo la kufa na kupona kama pale.

Dhahabu ya Klondike ilionekana mwezi wa Agosti, 1896, katika kijito kilichopewa baadaye jina la Bonanza. Habari hazikuenea upesi, maana nchi yenyewe ilikuwa mbali mno. Mwezi wa Julai, 1897, meli mbili zilitia nanga San Francisco na Seattle, nchini Marekani, zikiwa na wachimbaji waliobeba dhahabu yao, na mara watu wakashikwa na wazimu wa kwenda. Makarani, waalimu na wenye maduka waliacha kazi zao. Hata meya wa Seattle, W. D. Wood, alijiuzulu akaenda. Yasemekana watu wapatao 100,000 walianza safari, na wengi wao walikuwa hawajapata kulala hemani hata usiku mmoja.

Katika majira ya baridi ya 1897 mji wa Dawson, uliokuwa kitovu cha machimbo, uliingiwa na hofu ya njaa. Meli za mtoni hazikuweza kuleta chakula cha kutosha kabla ya mto kuganda, na mamia ya watu waliambiwa waondoke wangali na nguvu. Kwa hiyo polisi wa Kanada wakaweka askari juu ya njia za milimani, na mapema mwaka 1898 amri ikatolewa kwamba mtu asiye na chakula cha mwaka mzima asipite. Ukijumlisha chakula, hema, nguo na vyombo vya kazi, mzigo wa mtu mmoja ulikaribia tani moja. Wasafiri wengi walinung’unika sana. Lakini amri ile, ingawa ilionekana kuwa ya ukatili, iliokoa roho za watu kuliko dawa zote walizobeba.

Yafaa kuitazama orodha moja iliyochapishwa mwaka 1897 kwa ajili ya wasafiri hao. Kwa kila mtu: unga wa ngano ratili 400, nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi ratili 150, maharagwe ratili 125, matunda makavu ratili 75, sukari ratili 25, viazi vilivyokaushwa ratili 25, chumvi ratili 15, chai ratili 10 na kahawa ratili 10. Tena soksi nzito za sufu jozi 12, na chandarua yadi 5, maana mbu wa kaskazini wakati wa kiangazi ni wengi kupita kiasi. Kwa kikundi cha watu wanne kulikuwa na hema moja, jiko moja, mashoka mawili na mpini wa akiba, tupa, randa, keekee, misumari ya namna nne, kamba futi 200, ratili 8 za lami na ratili 5 za kalafati. Katika orodha hiyo ndefu, karai la kuchekechea dhahabu lilikuwa moja tu kwa kila mtu.

Aliyeandika orodha hiyo hakubahatisha. Ratili 400 za unga zikigawanywa kwa siku 365 huwa ratili moja na kidogo kwa siku, na maharagwe huwa theluthi ya ratili. Hivyo ndivyo ipasavyo kupima chakula cha safari: kwanza ale ngapi kwa siku moja, kisha siku ni ngapi, wala si kujaza gunia mpaka lisijae tena. Vitu vilivyokauka ndivyo vilivyochaguliwa, kwa sababu kubeba viazi vibichi ni kubeba maji. Turubai la kufungia mizigo nalo lilihesabiwa, kwani chumvi na sukari zikilowa zimekwenda.

Hesabu ya pili ni ya miguu, na hiyo wengi hawakuifanya mpaka walipofika Dyea, pwani ya Alaska, mwanzo wa njia ya Chilkoot. Tani ya huko ni ratili 2,000. Mwanamume akibeba ratili 50 kwa safari moja, atakwenda mara 40, na kati ya safari hizo atarudi mikono mitupu mara 39. Basi kila maili moja ya njia humgharimu maili 79. Njia ya Chilkoot ni maili 33. Mtu akiimaliza yote kwa namna hiyo, amekwenda zaidi ya maili 2,600, yaani karibu mara nane ya njia ya reli ya zamani kutoka Mombasa hadi Nairobi. Wenye fedha waliwakodi wachukuzi wa kabila la Tlingit, wenyeji wa nchi ile. Wasio nazo walipanda ngazi 1,500 zilizochongwa katika barafu, mmoja nyuma ya mwingine kama siafu, na juu kileleni kila mtu alisimamisha mti kando ya mali yake ili aione tena theluji ikiifunika.

Wachukuzi wale waliijua milima yao. Tarehe 3 Aprili, 1898, walikataa kupanda kwa kuwa theluji ilikuwa imelegea. Wageni waliokaidi walipanda, na siku hiyo hiyo theluji iliporomoka ikaua watu zaidi ya 60.

Waliopita njia ya pili, White Pass, waliwapakia farasi. Farasi wapatao 3,000 walikufa humo kwa kuzidishiwa mizigo na kukosa malisho, maana wenyewe walihesabu chakula chao wakasahau chakula cha mnyama.

Baada ya milima palikuwa na ziwa Bennett, na kutoka hapo mto uliwachukua zaidi ya maili 500 hadi Dawson. Hapo ndipo lami na kalafati zilipojulikana kazi yake: kila kikundi kilipaswa kujiundia mashua. Wapasua mbao wa Kenya waijua kazi ya msumeno mrefu, mmoja juu na mwenzake chini akila vumbi la mbao machoni. Urafiki mwingi ulivunjika penye msumeno ule. Barafu ilipopasuka mwishoni mwa Mei, 1898, mashua zaidi ya 7,000 ziliondoka.

Upungufu mmoja ulikuwamo katika orodha. Chakula kilichokaushwa hupoteza kile kitu ambacho baadaye kiliitwa vitamini C, na mtu akikikosa kwa miezi mingi hupatwa na kiseyeye: ufizi hutoka damu, meno hulegea, miguu huvimba, na mwisho hufa. Wenyeji wa kaskazini walichemsha majani ya misonobari wakanywa maji yake, nayo yalikuwa dawa ya kweli isiyoongeza uzito wowote mzigoni. Wageni waliowauliza walipona.

Watu kati ya 30,000 na 40,000 walifika Dawson. Walikuta vijito vyenye dhahabu nyingi vimekwisha gawanywa tangu miaka miwili nyuma. Kiangazi kile wengi walipanga unga wao, maharagwe yao na vyombo vyao kando ya barabara za mji, wakaviuza ili wapate nauli ya meli ya kurudi kwao.