Majabali, Njia za Milimani na Mapango ya Nchi Kavu: Somo kwa Wakazi wa Kata za Kongwa

Kongwa si jangwa kamili, lakini ni nchi kavu. Mvua hunyesha katika msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili, na miezi inayosalia majani hunyauka na makorongo hubaki mchanga mtupu. Ukavu huohuo ndio unaoyaacha majabali wazi na vilima vikionekana kutoka mbali. Kwa hiyo shule, kikundi cha vijana au familia inayotaka kutembea milimani, kupanda mawe au kuona mapango haina haja ya kusafiri hadi Kilimanjaro. Inachohitaji ni kujua namna ya kutafuta, na namna ya kurudi nyumbani salama.

Utafutaji huanza kwa kuuliza, na wa kwanza kuulizwa ni mchungaji. Swali la “mahali pazuri ni wapi?” halimsaidii mtu, kwa kuwa kila mmoja ana uzuri wake. Yafaa kuuliza mambo anayoyaona kila siku. Mbuzi hujikinga wapi mvua inapowakuta? Jibu lake huelekeza kwenye pango au mwamba ulioinama. Maji husalia wapi juu ya jiwe siku kadhaa baada ya mvua kukatika? Hapo pana jabali lenye mgongo mpana unaoweza kutembelewa. Pimbi wanaishi wapi? Pimbi hupenda nyufa na mawe yaliyorundikana. Kisha aulizwe ni mahali gani watu hawaendi, na kwa nini. Swali hili la mwisho ndilo wageni husahau, nalo ndilo lenye kuokoa maisha na heshima.

Baada ya watu huja ramani. Ramani za serikali za kipimo cha 1:50,000, ambamo sentimita 1 ni mita 500 ardhini, huonyesha mwinuko kwa mistari ya kontua. Mistari inapobanana, mteremko ni mkali. Inapoachana, ni mahali pa kutembea kwa raha. Picha za setilaiti zinazopatikana kwenye simu huongeza jambo ambalo ramani haionyeshi vizuri: mwamba mtupu huonekana kama doa la kijivu au jeupe lisilo na miti. Kwa upande wa kusini, Milima ya Kiboriani iliyo kati ya Kongwa na Mpwapwa ni mahali pema pa kujifunzia kulinganisha ramani na macho.

Mtafuta mapango na ajue kwanza aina ya jiwe. Mapango marefu yenye vyumba, kama ya Amboni mkoani Tanga, yamechimbwa na maji katika mawe ya chokaa, kwa kuwa chokaa huyeyuka polepole katika maji ya mvua. Granaiti, iliyoenea sana katika uwanda wa Dodoma, haiyeyuki hivyo. Mapango yake ni nafasi zilizobaki chini ya mawe yaliyoangukiana, au kivuli cha mwamba ulioinama. Hayafiki mbali, na mara nyingi mwanga wa mchana hufika hadi mwisho. Granaiti pia hubanduka tabaka kwa tabaka, kama ganda la kitunguu. Kabla ya kushika au kukanyaga bamba la jiwe, mpandaji huligonga kwa kokoto: likitoa sauti ya kitu kilicho wazi ndani, limekwisha kuachana na mwamba, na halifai kubeba uzito wa mtu. Asiye na kamba, wala mwalimu wa kuitumia, asipande juu kuliko kimo ambacho angeweza kuruka chini bila kuumia. Kushuka ni kugumu kuliko kupanda.

Historia ya Kongwa yenyewe imekwisha kufundisha hatari nyingine. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha hapa mradi mkubwa wa karanga. Katika kusafisha pori, wafanyakazi waliangusha mibuyu, na nyuki waliokuwa katika mashina yake yenye uwazi waliwashambulia hata baadhi wakapelekwa hospitali. Mvua ilipokuja, mafuriko ya ghafla kutoka katika mto uliokuwa mkavu yalisomba karakana na ghala. Waliokuja na matrekta hawakuwa wameuliza swali la mchungaji.

Nyuki wangali katika nyufa za majabali na katika mibuyu. Anayesikia mvumo wao hurudi alikotoka kimyakimya. Wakishambulia, hukimbia bila kupunga mikono. Korongo nalo halipaswi kuwa njia wala mahali pa kupumzikia katika msimu wa mvua, hata jua likiwaka, kwa sababu mvua iliyonyesha milimani huweza kuleta maji mahali ambapo hapakudondoka hata tone. Pango lenye popo wengi halifai kuingiwa. Pango la Kitum, katika Mlima Elgon nchini Kenya, lilihusishwa na wagonjwa wa Marburg mwaka 1980 na tena 1987, na ugonjwa huo ulifika mkoani Kagera mwaka 2023.

Muda wa safari hukadiriwa kwa kanuni ya Mskoti aitwaye Naismith, ya mwaka 1892: saa 1 kwa kila kilomita 5, na dakika 10 zaidi kwa kila mita 100 za kupanda. Njia ya kilomita 10 yenye mwinuko wa mita 400 itachukua saa 2 na dakika 40. Kanuni hiyo ilitungwa katika nchi ya baridi. Katika jua la Oktoba, pamoja na watoto, ni busara kuuongeza muda huo kwa nusu, kuondoka alfajiri na kuwa kivulini kabla ya saa sita. Kila mtu abebe maji yake, lita 3 kwa uchache kwa safari ya kutwa.

Ruhusa hutangulia safari. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji. Hivyo kiongozi wa msafara huanzia kwa mtendaji wa kijiji, akaacha majina ya wanaokwenda na saa ya kurudi. Hifadhi ya misitu na ranchi zina wasimamizi wao. Mahali pa tambiko, liwe pango au mbuyu, wazee ndio wenye neno, na wakikataa pana majabali mengine.

Michoro ya miambani huhitaji uangalifu wa peke yake. Ile ya Kondoa, katika mkoa huuhuu, iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Baadhi ya mapango yake yameharibiwa na watu wanaochimba wakitafuta mali inayodaiwa kuzikwa na Wajerumani. Kumwagia michoro maji ili ionekane vizuri, kuigusa, kuandika jina kando yake au kuwasha moto chini yake huifuta kidogo kidogo. Huko Texas, Marekani, katika majabali ya jangwani yaitwayo Hueco Tanks, wapanda mawe walifurika mahali penye michoro ya kale, hata wasimamizi wakaweka kikomo cha wageni kwa siku na kuamuru sehemu kubwa iingiwe pamoja na kiongozi tu.

Mkazi atakayekuta michoro, vigae vya vyungu au zana za mawe wilayani Kongwa aviache vilivyo, akumbuke mahali, na atoe taarifa kwa afisa utamaduni wa halmashauri au kwa mtendaji wa kata. Vitu hivyo vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964.