Makamasi Yanayoshuka Kooni

1. Kazi ya makamasi

Watoto, pua ni mlango wa pumzi, na Mungu ameuwekea mlango huo walinzi. Ndani ya pua mna vinyweleo na makamasi. Makamasi yanashika mavumbi na vijidudu, ili visiingie mapafuni. Kila siku mwili wa mtu mzima unafanya makamasi karibu lita moja. Mengi yanashuka kooni, nasi twayameza bila kujua. Jambo hilo si ugonjwa.

Lakini pengine makamasi yanazidi ao yanakuwa mazito. Hapo mtu anayasikia nyuma ya koo. Anakohoa, hasa akilala chali.

2. Sababu za kuzidi

Mara nyingi sababu ni mafua. Kwetu Kolwezi kuna sababu nyingine, ndiyo mavumbi. Tangu Mei hata Septemba mvua hainyeshi. Magari makubwa yanayochukua mawe ya shaba na kobalti yanapita, na mavumbi mekundu yanapanda mpaka madirishani. Moshi wa makala ndani ya nyumba unachokoza pua vilevile.

3. Watoto wawili

Tuseme kuna watoto wawili wa darasa moja.

Wa kwanza ameshikwa na mafua. Siku ya nne makamasi yamegeuka ya kijani. Mama yake anaogopa, anataka kununua vidonge sokoni. Bibi anamwambia: «Ngoja, mwanangu. Mtoto anakula, anacheza, hana homa. Mpe maji ya kunywa, apumzike.» Siku ya tisa mtoto amepona. Bibi alisema kweli. Rangi ya kijani peke yake si alama ya hatari. Tena dawa za kuua vijidudu vya vidonda haziponyi mafua. Mtu akizimeza ovyo, vijidudu vinazizoea, na siku ya ugonjwa mkubwa dawa hazina nguvu tena.

Wa pili anakohoa majuma matatu. Amekonda, na usiku anatoka jasho. Baba yake ni mchimbaji, naye pia anakohoa tangu miezi miwili. Baba anasema: «Ni makamasi tu, ni mavumbi ya kazi.» Hapo neno «makamasi tu» laweza kuua. Pengine ni kifua kikuu. Mavumbi ya mawe yanaharibu mapafu ya mchimbaji, na mapafu yaliyoharibika yanashikwa upesi na ugonjwa huo. Tena mgonjwa akikohoa, anawaambukiza watu wa nyumba yake. Baba na mtoto waende kwa mganga wa hospitali pamoja, wapimwe.

Mganga Robert Koch wa Ujerumani alikitambulisha kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882. Leo dawa zake zipo, na katika Kongo zinatolewa bure. Kwa kawaida mgonjwa anazimeza miezi 6 bila kuacha, hata akijisikia mzima.

4. Hesabu siku, angalia alama

Nenda kwa mganga kama:
– makamasi yamepita siku 10 bila kupungua;
– ulianza kupona, kisha homa na maumivu ya uso yamerudi;
– kikohozi kimefika majuma 2;
– tundu moja tu la pua linatoa makamasi yenye harufu mbaya. Mara nyingi mtoto mdogo ameingiza humo haragi ao ushanga;
– koo linauma sana pamoja na homa, bila mafua. Vijidudu vingine vya koo, visipotibiwa, vyaweza kuharibu moyo.

Mwenye homa asikawie, maana yaweza kuwa malaria.

Nenda siku ileile, hata usiku, kama mgonjwa anapumua kwa shida, hawezi kumeza mate, anakohoa damu, jicho limevimba, ao kichwa kinauma sana na shingo imekakamaa.

5. Nyumbani

Kunywa maji mengi. Nyunyiza maji kabla ya kufagia. Pika nje, ao fungua madirisha. Baba akitoka mgodini, avue nguo za kazi kabla ya kuwabeba watoto. Kohoa katika kiwiko cha mkono. Usiteme mate chini.

Wala usione haya kusema: «Mama, nakohoa tangu siku nyingi.» Amri ya tano ya Mungu inatuagiza tulinde uhai wetu na wa jirani. Anayeficha kikohozi anajidhuru mwenyewe, tena anamdhuru anayelala karibu naye.

Maswali

1. Makamasi yanatusaidia namna gani?
2. Kwa nini bibi hakutaka vidonge vya sokoni?
3. Kwa nini baba mchimbaji naye apimwe?
4. Taja alama tatu za kwenda kwa mganga siku ileile.
5. Uliza nyumbani: Nani anakohoa? Tangu siku ngapi?