SOMO LA MWEZI: MGENI, RAIA, NA MTO RUVUMA

Someni kwanza: Mambo ya Walawi 19:33–34, Matendo ya Mitume 22:22–29, Waefeso 2:11–22.

Neno "mhamiaji haramu" husikika sana siku hizi, redioni, barazani, na hata mlangoni mwa kanisa baada ya Misa. Kwetu Mtanda neno hili lina uzito wake. Ruvuma hauko mbali, na wengi wetu tukianza kuwataja babu na bibi zetu, hatuendi vizazi vingi kabla ya kufika ng'ambo ya mto huo. Kwa hiyo tumeona yafaa mwezi huu tulitazame jambo hili tukiwa raia na tukiwa Wakristo.

Tuanze na mpaka wenyewe. Ruvuma ulifanywa mpaka mwaka 1886, Wajerumani na Wareno walipopatana juu yake. Wamakua, Wamakonde na Wayao walikuwa wakikaa pande zote mbili, wala hakuna aliyewauliza. Pale Kionga, kusini ya mdomo wa mto, Wajerumani waliingia mwaka 1894, na Wareno wakapachukua tena mwaka 1916. Mzee aliyekaa penye minazi yake muda wote huo alibadilishiwa serikali mara mbili bila kutoka uani kwake. Hatusemi haya kwa kuubeza mpaka. Mwaka 1964 nchi huru za Afrika zilikubaliana huko Cairo kuiheshimu mipaka zilizoirithi, maana kuichora upya kungaliwasha vita kila mahali, nasi twaona ziliamua vema. Lakini mpaka ni kazi ya wanadamu. Haukuumbwa siku ya tatu pamoja na nchi kavu na bahari.

Tena tulikumbuke Kanisa letu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA alishuka hapa Lindi kutoka Unguja pamoja na watu waliokombolewa utumwani, zaidi ya hamsini, wanaume kwa wanawake. Nia ilikuwa kuwarudisha bara, upande wa Ziwa Nyasa walikotekwa wengi wao. Walipofika Masasi waliipenda nchi, wakakaa. Hawakuwa na hati, wala barua ya mtendaji, wala mdhamini. Kwao ndiko lilikoanzia Kanisa la Kiingereza katika kusini hii. Padre Cecil Majaliwa, Mwafrika wa kwanza kupewa upadre katika UMCA, mwaka 1890, alikuwa Myao aliyekombolewa, naye alihudumu Chitangali miaka mingi. Mtu akiuliza leo padre yule alikuwa "wa wapi", tutamjibu nini?

Wakaja wengine. Mashamba ya mkonge ya Lindi, kama lile la Kikwetu, yalitumia vibarua wengi kutoka Msumbiji. Watu waliwaita Wamawia, wakawacheka kwa chale zao za usoni, huku mkonge ukikatwa na mikono yao. FRELIMO ilipoanza vita vya ukombozi mwaka 1964, wakimbizi walivuka kwa maelfu, nao wakapewa ardhi Rutamba, si mbali na hapa. Wapiganaji wakafunzwa Nachingwea. Baada ya uhuru wa Msumbiji, tarehe 25 Juni 1975, wengi walirudi kwao. Wengine walibaki, wakaoa na kuolewa, wakazika wafu wao hapa. Wajukuu wao hawajui lugha nyingine ya kuombea isipokuwa Kiswahili.

Basi, Mtanzania ni nani? Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 haiulizi kabila wala chale. Mgeni anayetaka uraia wa tajinisi huulizwa amekaa nchini muda gani, tabia yake ikoje, kama ajua Kiswahili au Kiingereza, na kama yuko tayari kuuacha uraia wake wa kwanza. Kwa njia hiyo Warundi zaidi ya 162,000, waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 pamoja na watoto wao, walipewa uraia wetu, na vyeti vyao vikatolewa tangu mwaka 2014. Jirani zetu Kenya walichelewa zaidi: Wamakonde wa Kwale, waliopelekwa huko kufanya kazi mashambani siku za mkoloni, waliishi bila uraia mpaka walipofanya safari ya miguu kwenda Nairobi mwaka 2016 kumwona Rais, ndipo ikaamriwa wapewe vitambulisho. Fikirini mtu aliyezaliwa Kwale, na baba yake kazaliwa Kwale, asiyeweza kusajili hata simu.

Lakini tusijifanye kuwa serikali haina sababu ya kulinda mlango. Tangu Oktoba 2017 watu wenye silaha wamewaua na kuwafukuza wanavijiji wa Cabo Delgado. Oktoba 2020 walivuka mto wakashambulia Kitaya, katika mkoa wa Mtwara, wakaua ndugu zetu. Mzazi wa Kitaya akitaka kujua ni nani analala kijijini mwake, hatendi dhambi. Tena kuna wafanyabiashara wa watu. Mwaka 2012 Wahabeshi zaidi ya 40 walikufa kwa kukosa hewa ndani ya lori, wakatupwa porini mkoani Dodoma, nao walikuwa safarini kuelekea Afrika Kusini. Mwenye lori la namna hiyo, na anayempokea fedha zake njiani, wana damu mikononi. Kutoka 12:49 yasema habari ya sheria moja kwa mzalia na kwa mgeni. Maana yake mgeni naye aitii.

Hata hivyo, sheria yenyewe haimwiti kila avukaye "haramu". Nchi yetu imetia sahihi mapatano ya kimataifa na ya Afrika juu ya wakimbizi, nayo ina sheria yake ya mwaka 1998. Mama aliyekimbia Palma Machi 2021 akiwa na mtoto mgongoni hakuwa sawa na mwenye lori. Mwaka ule shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lililalamika kuwa maelfu walirudishwa ng'ambo bila kusikilizwa. Maoni yetu ni haya: apekuliwe, aulizwe, lakini asikilizwe kabla ya kurudishwa. Bwana wetu mwenyewe alivushwa mpaka usiku, akikimbia upanga wa Herode.

Sasa tuje nyumbani kabisa. Jemadari aliyemkamata Paulo alisema kuwa uraia wake aliupata kwa mali nyingi. Soko hilo halijafungwa. Cheti cha ubatizo hutumika kama ushahidi wa kuzaliwa mtu atakapo cheti cha serikali, na hutokea mtu akamwomba katibu wa parokia amwandikie mwanawe, au mgeni wake, tarehe isiyo ya kweli. Huenda aombaye ni maskini mwenye haki ya kuwa raia, aliyechoka kuzungushwa. Twamhurumia, lakini kitabu cha ubatizo ni kitabu cha Kanisa, na jina likiandikwa humo kwa uongo, hata majina ya kweli yatashukiwa. Njia ya kumsaidia ni ndefu: kumsindikiza Uhamiaji, kumtafutia wazee wanaomjua, kutoa ushahidi wa yale tu tuliyoyaona kwa macho. Na ulimi wetu je? Watu wawili hugombana kwa ajili ya mpaka wa shamba la mikorosho, mmoja akikosa hoja humwambia mwenziwe, "Rudi kwenu Msumbiji." Kesho yake askari yuko mlangoni. Neno hilo limewanyima watu mashamba waliyoyapanda wenyewe.

Maswali ya vikundi:

Je, Paulo alitenda vema kuudai uraia wake, ilhali Bwana wetu alinyamaza mbele ya Pilato?

Walawi 19 yatuagiza tumpende mgeni kama nafsi zetu. Agizo hilo lamhusu nani katika Mtanda, kwa nyumba na kwa njia?

Jirani yako hana hati, naye amekaa hapa miaka thelathini. Mjumbe wa nyumba kumi akikuuliza habari zake, utasema nini?