Injini Tatu Zinazochoma Methani: Tunazilinganishaje?



Ndugu msomaji, makala hii ni deni ninalolilipa. Muhula uliopita nilipewa zamu katika darasa letu la Jumamosi baada ya swala ya alasiri, darasa ambalo kila mwanafunzi huwaeleza wenzake jambo moja la fani yake. Mimi nasoma uhandisi wa mitambo, nikachagua injini za roketi zinazochoma methani. Niliandika ubaoni majina matatu: Raptor ya SpaceX na BE-4 ya Blue Origin, zote za Marekani, na TQ-12 ya LandSpace ya China. Pembeni nikaweka msukumo na shinikizo la kila moja, kisha nikazipanga: ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Dada mmoja wa mwaka wa kwanza akanyoosha mkono. "Kaka, kama TQ-12 ni ya mwisho, mbona roketi yake ndiyo iliyotangulia kufika kwenye obiti?"

Nikamjibu, "Ni bahati tu," nikafuta ubao. Jibu sikulijua, na sikukiri kwamba silijui. Siku tatu baadaye mwenzangu wa mwaka wa nne akaniambia anataka kuuacha mradi wake wa mtambo mdogo wa gesi ya samadi, aanze mwingine wenye muundo mgumu zaidi. Sababu? Jedwali langu lilikuwa limemwonyesha kwamba kigumu ndicho bora. Hapo nikaona kosa langu limeanza kutembea kwa miguu ya watu wengine, nikarudi vitabuni.

Kwanza: kwa nini methani?

Methani si kitu kigeni kwetu. Ndiyo gesi iliyoyeyuka katika vina vya Ziwa Kivu, na mtambo wa Karongi huitumia kuzalisha megawati 26 za umeme. Ndiyo pia sehemu kubwa ya gesi ya samadi. Ikipozwa hadi nyuzi 161 chini ya sifuri huwa kimiminika, na roketi huibeba hivyo pamoja na oksijeni, ambayo huwa kimiminika kwenye nyuzi 183 chini ya sifuri. Kwa kuwa baridi zao zinakaribiana, matangi yao yanaweza kukaa jirani bila taabu kubwa. Haidrojeni inahitaji nyuzi 253 chini ya sifuri.

Mafuta ya taa yaliyosafishwa, yaliyorusha roketi nyingi tangu zamani, huacha masizi ndani ya injini. Methani huacha machache sana, na hilo ni jambo kubwa kwa injini inayotakiwa kurudi ardhini na kuruka tena.

Hapa nilifanya kosa langu la kwanza. Mita moja ya ujazo ya mafuta ya taa ina uzito wa kilo 810 hivi. Ya methani kimiminika, kilo 422. Ya haidrojeni, kilo 71. Nikadhani basi roketi ya methani lazima iwe na matangi makubwa karibu mara mbili ya yale ya mafuta ya taa. Nilisahau oksijeni. Injini ya methani hutumia kilo 3.6 hivi za oksijeni kwa kila kilo ya methani. Ya mafuta ya taa, kilo 2.6, ya haidrojeni, kilo 6. Na mita ya ujazo ya oksijeni kimiminika ina kilo 1,141.

Chukua kalamu upige hesabu ya tani 100 za mafuta na oksijeni kwa pamoja. Mafuta ya taa yanahitaji mita za ujazo 98 hivi. Methani inahitaji 120. Haidrojeni inahitaji 276. Kwa hiyo methani imeongeza nafasi kwa kiasi cha moja ya tano tu, kwa sababu sehemu kubwa ya mzigo ni oksijeni iliyo nzito.

Pili: nani anaizungusha pampu?

Tofauti kuu ya injini zetu tatu iko kwenye pampu. Mafuta na oksijeni lazima visukumwe kwa nguvu kubwa kuingia kwenye chumba cha mwako. Pampu huzungushwa na turbini, na turbini inahitaji gesi ya moto. Gesi hiyo inatoka wapi, na ikishafanya kazi inakwenda wapi?

Fikiria mashine ya kusaga mahindi. Mwenye mashine anachota kiasi kidogo katika kila gunia kuwa ujira wake, na kiasi hicho hakirudi kwako. Ndivyo ilivyo TQ-12. Sehemu ndogo ya mafuta huchomwa pembeni, huzungusha turbini, kisha hutupwa nje bila kuingia kwenye chumba kikuu. Kuna hasara kidogo, lakini muundo ni mwepesi kuuelewa na kuujenga. Msukumo wake ni tani 67 hivi.

BE-4 hairuhusu ujira huo upotee. Oksijeni nyingi hupitishwa kwenye chumba cha awali pamoja na mafuta kidogo, gesi yake huzungusha turbini, kisha yote huingia kwenye chumba kikuu kuchomwa. Taabu yake ni kwamba oksijeni ya moto hushambulia chuma, hivyo vifaa vyake ni vigumu kutengeneza. Msukumo ni tani 245 hivi, na shinikizo la chumba ni takriban mara 134 ya shinikizo la hewa tunayovuta.

Raptor ina vyumba viwili vya awali: kimoja chenye oksijeni nyingi, kingine chenye methani nyingi. Vyote viwili hufika chumba kikuu vikiwa gesi, wala hakuna kinachotupwa. Wasovieti walijaribu muundo wa namna hii kwenye RD-270 miaka ya 1960, lakini haikuwahi kuruka. Raptor iliruka mwaka 2019. Toleo lake la pili lina msukumo wa tani 230 na shinikizo la takriban mara 300.

Linganisha hizi mbili za mwisho. Msukumo unakaribiana, shinikizo ni zaidi ya maradufu. Faida yake ni nini? Shinikizo kubwa huifanya injini kuwa ndogo. Ndiyo maana Raptor 33 zinaenea chini ya roketi yenye kipenyo cha mita 9.

Tatu: jibu la yule dada

Zhuque-2, roketi ya TQ-12, ilifika kwenye obiti tarehe 12 Julai 2023, ya kwanza ya methani duniani. Starship yenye Raptor ilikuwa imeharibika hewani tarehe 20 Aprili mwaka huohuo. Vulcan yenye BE-4 iliruka Januari 2024 na kufanikiwa.

Haikuwa bahati. Waliochagua muundo rahisi walikuwa na matatizo machache ya kutatua kwa wakati mmoja. Lakini urahisi pekee hautoshi. Zhuque-2 yenyewe ilishindwa Desemba 2022 kwa hitilafu ya hatua ya pili, na Terran 1 ya Marekani, yenye mzunguko rahisi kama huo, haikufika Machi 2023.

Kwa upande mwingine, tarehe 27 Mei 2025 Starship iliruka na injini 29 kati ya 33 za hatua ya kwanza zilizokuwa zimesharuka kabla. Hilo ndilo lengo la Raptor. BE-4 nayo iliwekewa shinikizo la wastani kwa makusudi, ili idumu. Kila moja imejibu swali lake, na mimi nilizipanga kana kwamba zimefanya mtihani mmoja.

Mwenzangu nilimweleza haya yote mezani bwaloni. Tukauliza mtambo wake una kazi gani: kupikia chai ya watu thelathini, ujengwe kwa muhula mmoja. Ameendelea na ule wa kwanza. Yule dada nilimwomba radhi mbele ya darasa lilelile.

Zoezi: rudia hesabu ya tani 100 kwa kilo 3.2 za oksijeni kwa kila kilo ya methani. Tangi litakua au litapungua? Leta jibu Jumamosi, in shaa Allah.

Wabillahi tawfiq.